Jino Lililouliwa

Irine akikua ataniuliza mama yake alikufaje, ndiyo maana naandika.

Dada yangu Mokami alitibiwa jino hospitalini mjini Tarime. Daktari Baltazar, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, aliusafisha mzizi, akaliziba. Sisi tunasema jino limeuliwa. Nilimsindikiza mimi, nikasikia alivyoagizwa: "Kuuma kidogo siku chache ni kawaida. Lakini shavu likivimba, ukipata homa, au ukishindwa kumeza, usingoje. Njoo siku hiyohiyo."

Tuliporudi kijijini kwetu Nyambureti, Mokami aliyarudia maneno hayo kwa ile sauti ya taratibu ya daktari, tukacheka. Mume wake, Wangwe, hakucheka.

"Daktari kasema, daktari kasema," akamwigiza. "Ng'ombe nilitoa mimi. Yeye kakushika shavu tu, sasa kila neno ni lake?"

Wiki iliyofuata shavu likavimba, na homa ikaja. Mokami akavaa kitenge cha kanisani, maana ndicho kilichokuwa safi, akasema anarudi Tarime. Wangwe akasimama mlangoni.

"Jino si limeuliwa?"

"Limeuliwa, baba Irine."

"Kitu kilichokufa kinaumaje? Na mbona umejipamba?"

Nikamwambia, "Shemeji, mwangalie uso."

"Nauangalia, shemeji. Kaupaka mafuta."

Akampa maji ya chumvi asukutue. Kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka shingoni. Mokami hakuweza kufungua kinywa wala kumeza mate. Aliyafuta kwa kile kitenge. Alijaribu kusema kitu, nikasikia "siku hiyo" tu. Hapo Wangwe akaogopa, akakimbilia pikipiki mwenyewe. Tulimweka Mokami katikati, mimi nyuma nimemshika kiunoni. Njia nzima Wangwe aliita, "Mama Irine, tunafika. Mama Irine, tunafika."

Tulifika akiwa anakoroma. Wakamwingiza ndani wakihangaika na koo lake, hewa haipiti. Hakutoka.

Daktari Baltazar alipokuja kutuambia, Wangwe alisimama mbele yake, ngumi ameikunja.

"Ndiye wewe?"

Baltazar akashusha barakoa. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka alituona wapi.

"Poleni sana," akasema. "Naomba mnikumbushe, mgonjwa wenu alikuwa anaitwa nani?"

Wangwe akaikunjua ngumi. Jina nililitaja mimi.