Mizunguko Minne ya Bibi

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa banda la mbwa wa kampuni yetu ya ulinzi siku ya Jumatatu, na nililisoma mara tatu kwa kutoamini macho yangu. Ijumaa kila mbwa wa kampuni atazunguka uwanja mara nne. Atakayesimama kabla ya kumaliza ataondolewa kikosini. Chini kulikuwa na sahihi ya mkuu wetu mpya, ambaye sisi watunza mbwa tulimwita Filimbi kwa sababu alipuliza filimbi hata akitaka chai.

Kuondolewa tulijua maana yake. Siku hiyohiyo angekuja daktari wa mifugo na sindano yake ya kuulia.

Mimi nilikuwa na mbwa watatu: mtoto wa miezi mitano, dume wa miaka minne, na Bibi, jike wa miaka kumi na mmoja aliyenifundisha kazi hii kuliko binadamu yeyote. Nyonga za Bibi zilikuwa zimekwisha. Asubuhi alijinyoosha dakika kumi ndipo miguu ya nyuma ikubali kumfuata, kisha tulitembea kwenye majani, taratibu, kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Pua yake ilikuwa nzima kabisa, na mlinzi gani hataki pua? Lakini nani alimuuliza habari za pua?

Nikamfuata Filimbi ofisini.

"Bosi, mbwa hawalingani umri. Dume wangu mkimbize hata mizunguko kumi, mradi jua halijapanda na hajatoka kula. Yule mtoto mifupa yake bado laini, kazi yake ni kucheza kidogo na kulala. Wiki iliyopita ulimkimbiza mwenyewe kwenye saruji, akachechemea siku nne."

"Kwa hiyo niwatandikie na mito, dada?"

"Sijaomba mito. Naomba Bibi umwache atembee."

"Mtoto nimemsamehe. Huyo kikongwe wako Ijumaa atazunguka kama wenzake. Ukizidisha mdomo, mtaondoka wote wawili."

Nilitoka nimefura. Nikarudi bandani, nikalisoma tangazo mara ya nne, na safari hii nikaona kitu. Bwana mkubwa alikuwa amesahau kutaja mwendo. Hapakuwa na neno kukimbia popote.

Ijumaa dume wangu alimaliza mapema, ulimi nje, akaenda kunywa maji kivulini. Zamu ya Bibi ilipofika, nilishika kamba yake na tukaanza kutembea. Filimbi akapuliza. Tukatembea. Akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kimbieni!"

"Tangazo lako halisemi hivyo, bosi. Linasema tusisimame."

Wenzangu wakaanza kukohoa ovyo ili kuficha vicheko. Mzunguko wa kwanza tulichukua dakika kumi na mbili, wa pili kumi na tisa. Jua lilikuwa limepanda na saruji imeanza kuwaka. Kwenye mzunguko wa tatu nikasikia kucha za mguu wake wa nyuma zikikwaruza chini. Alikuwa anauburuta.

Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na stoo, mkoba mapajani, na hakuthubutu kunitazama. Filimbi yeye alikuja kutembea ubavuni mwetu, mikono nyuma, anatabasamu.

"Akikaa tu, mchezo umekwisha," alisema.

Nikimlazimisha aendelee, namvunja. Nikimpumzisha, namkabidhi kwa sindano. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yakanilenga, na sikutaka yule mtu ayaone.

Mbele yetu palikuwa na lango. Aliyelilinda ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyeniombea kazi pale. Aliniona ninavyolitazama.

"Shemeji, usinifanyie hivi," alinong'ona. "Nina watoto wanne."

Lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo.

Niliinama bila kusimama, nikapitisha mkono mmoja chini ya kifua cha Bibi na mwingine chini ya mapaja, nikamnyanyua. Kilo thelathini. Mgongo wangu ulilalamika, nikaupuuza, tukatoka.

"Mwizi! Hiyo ni mali ya kampuni!" Filimbi alipiga kelele.

"Naiba nini? Tuko mzunguko wa tatu!"

Chumba changu kiko nyumba ya tano kutoka pale. Jioni Filimbi alipiga simu, akatishia kuleta polisi. Nikamwambia alete na lile tangazo, wasome wote wanionyeshe Bibi amesimama wapi. Hajapiga tena. Shemeji bado yuko langoni, maana aliapa komeo ni bovu. Mimi kazi sina, na dume na yule mtoto nawakosa mpaka usingizi unanipaa.

Ila kila siku Bibi anajinyoosha dakika zake kumi, kisha tunatoka kwenye majani ya kando ya barabara. Jioni tunapita mbele ya lango lile. Filimbi akiwepo, namwinulia vidole vitatu, ajue tumefikia mzunguko wa ngapi.