Ruhusa ya Kulia

Mtaani kwetu Tulungagung mgonjwa haendi hospitali peke yake. Tulikodi pikapu, tukajazana nyuma na mikeka na mabakuli ya wali, kina mama watupu, kwenda kumwona Gilang, mjukuu wa jirani yangu Mbah Sarmi, maana 'mbah' kwetu ndiyo bibi; mtoto alikuwa amepasuliwa ngiri asubuhi ile. Mlinzi akasema tuingie wawili wawili. Tukamwambia sawa, mwanangu, kisha tukaingia sote.

Mtoto yule alikuwa hana ruhusa ya kulia. Kwetu tunasema kilio ndicho kinachoishusha ngiri, na kweli, kila alipolia uvimbe ulijaa kinenani. Kwa hiyo bibi yake alimpa kila alichotaka, pipi, katuni, kubebwa mgongoni, akamnyima kitu kimoja tu: simu ya mama yake. Mama huyo, Lasmini, yuko kazini Taiwani, anamtunza mzee wa watu. Kila uso wake ulipotokea kwenye simu, Gilang alilia mpaka akabadilika rangi. Bibi akazikata zile simu, na tangu mavuno ya mwaka jana mama na mwana hawajaonana. Lasmini akawa ananipigia mimi: "Dada Tutik, huwa ananiulizia?" Mimi ninayejua habari za kila nyumba, hapo nilimgeuzia habari za mavuno.

Daktari wa ganzi akatujia, msichana mwembamba mwenye miwani.

"Bibi, amepasuliwa salama. Alipolala, tuliutafuta mshipa wa fahamu wa kinena kwa altrasaundi, tukaweka dawa ya ganzi pembeni yake. Hatasikia maumivu mpaka alasiri."

"Altrasaundi hii ya wajawazito?" Mbah Sarmi akauliza.

"Hiyohiyo."

"Na mimba ya miezi mingapi, daktari?" nikadakia. Wodi nzima ikacheka. Mbah Sarmi akanifinya.

"Na akilia je?"

"Alie tu, bibi. Pameshashonwa."

Nikampigia Lasmini palepale. Alipokea akiwa amejifungia chooni kwa bosi wake. Gilang alikuwa ameketi kitandani na kikombe cha chai ya sukari. Akamtazama mama yake. Akatabasamu kwa adabu, kama anavyowatabasamia wageni, akarudi kwenye kikombe.

"Gilang, ni mimi mama."

"Eeh."

"Panauma, baba?"

"Hapaumi."

Lasmini akamshukuru Mungu, lakini macho yake hayakutulia. Yalizunguka usoni kwa yule mtoto yakitafuta kitu.

"Ganzi hiyo, mdogo wangu," nikamwambia.

"Dada Tutik, ganzi wamempiga kinenani."

Hakukata. Aliomba simu tuiegemeze kwenye chupa ya chai, akatoka chooni, akaendelea kumpikia mzee wake huku akichungulia. Sisi tukatandika mikeka, tukala, tukamsema mke mpya wa mwenyekiti wa mtaa mpaka akabaki mifupa.

Alasiri ganzi ikaanza kuisha. Nesi alikuwa ameshampa dawa ya maji ya kutuliza, lakini mtoto alikunja uso, akashika kinena, akaangua kilio.

"Mbaaah!"

Bibi akamrukia kwa mazoea. "Shii, mjukuu wangu, nyamaza, nyamaza."

"Mama, usimnyamazishe."

Tulikuwa tumemsahau Lasmini. Sote tukaigeukia chupa ya chai.

"Ananiita mimi, Lasmi," Mbah Sarmi akasema polepole, kama anayeomba radhi.

"Nimesikia anamwita nani. Mwache alie. Nisogezee simu tu."

Mbah Sarmi akampakata mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaisogeza simu karibu na ule mdomo uliofunguka. Kule kwenye kioo cha simu Lasmini alikuwa ameinamisha sikio, midomo ikimcheza, akisikiliza.