Karatasi ya Miiko

Kila asubuhi fundi betri alifanya mambo manne kwa mpangilio uleule. Alikunywa uji usio na sukari. Alifagia kibanda chake cha kazi, kilichoungana na chumba alicholala. Alibandika upya karatasi ya binti yake ukutani, maana gundi ilikuwa ikiachia kila siku. Kisha aliwasha moto wa gesi, akauma kijiti cha risasi, ile metali laini ya kuungia betri, pembeni mwa mdomo kama mshonaji anavyouma pini, akainamia betri ya kwanza. Mkono mmoja ulishika moto, wa pili ulishika betri iliyovunjika kichwa, na mdomo ukawa mkono wa tatu. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake, miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Asubuhi moja hakufika kwenye ufagio. Aligeuka ili aweke kikombe mezani, na alipokanyaga mguu wa kushoto, kidole gumba kikawaka moto hadi gotini. Kikombe kikaenda zake, na yeye akajikuta ameketi sakafuni katikati ya uji.

"Leo tena?" aliuliza fundi viatu, jirani yake, akichungulia mlangoni na kiatu cha mtu mkononi.

"Leo tena."

"Mzee mwenzangu, huu ni ugonjwa wa wakubwa. Mbuzi unamchinjia wapi, hata kwato hututupii?"

Fundi betri alicheka kwa sababu alitakiwa kucheka. Fundi viatu akamwinua, akamketisha kwenye kiti, akakitazama kile kidole kilichovimba na kung'aa kama bilinganya.

"Nampigia mtoto."

"Usimsumbue. Yuko kazini."

Lakini mwenzake alikuwa ameshatoka na simu sikioni.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mpimaji damu katika maabara ya hospitali ya mji wa jirani. Ni yeye aliyeandika karatasi ya ukutani, miezi minne iliyopita, mguu ulipovimba mara ya kwanza kwa jongo, ugonjwa wa viungo unaochochewa na vyakula kama nyama. Nyama nyekundu, hapana. Maini, hapana. Supu ya mifupa, samaki wadogo, maharage, hapana. Pombe aliipigia mistari miwili ya wino mwekundu, ingawa alijua baba yake hajawahi kuionja.

Na baba aliifuata. Aliifuata herufi kwa herufi, kwa kuwa ilikuwa mwandiko wa binti yake.

Tangu mkewe afariki, miaka sita sasa, chakula cha mchana alikuwa akikila kwenye benchi la mama muuza chakula, pale kona. Mama yule alikuwa rafiki wa marehemu na alimwita shemeji. Watu walibanana pale, wakagombea chumvi, wakasimangana, na saa moja ikapita bila mtu kukumbuka kuwa ana chumba kitupu. Lakini hapakuwa na sufuria ya yule mama ambayo karatasi haikuitaja. Kukaa tu bila kula aliona ni kuwaharibia wenzake hamu. Basi akaacha kwenda. Akawa anapika kabichi chumbani na kuila akiutazama ukuta. Kabichi haina la kumwambia mtu.

Binti alifika saa sita, mkoba begani, sare ya kazi bado mwilini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umeacha kazi za watu kwa ajili ya kidole?"

Binti alimchoma kwenye ncha ya kidole cha mkono, tone la damu likaingia kwenye kipimo kidogo, wakasubiri. Akasoma namba, akaisoma tena.

"Asidi ya yuriki imepanda. Imepita hata ya mwezi uliopita." Akaketi. "Baba, niambie ukweli. Unakula nini?"

"Kabichi."

"Na mchana?"

"Kabichi."

"Kabichi haifanyi hivi."

Kwenye simu ilikuwa rahisi zaidi kwa baba kutosadikiwa, maana hakuuona uso wa binti. Sasa aliuona, na ulikuwa uso wa mtu anayemwonea haya mzazi wake. Binti akainuka, akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Kabichi. Unga. Chumvi. Akarudisha kifuniko cha mwisho, na alipogeuka akamwona baba ameshika tumbo.

"Na tumbo?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Limefunga. Leo siku ya nne. Wakati mwingine linakata kama kisu, nalala nimejikunja."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza mguu."

Ili asiendelee kutazamwa, alijikongoja hadi kwenye meza ya kazi. Kulikuwa na betri ambayo mwenyewe angeijia alasiri. Akawasha gesi, akauma kijiti cha risasi, akainama. Binti, aliyekatazwa tangu utoto kuusogelea moto ule, safari hii alimfuata hadi mezani.

"Baba, hicho mdomoni ni nini?"

"Risasi," alijibu kwa upande wa pili wa mdomo.

"Unaiweka hapo tangu lini?"

"Wewe hujazaliwa."

"Iteme."

Alidhani anatania. Lakini binti alikuwa amekwishafunga gesi. Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba kama mtu anayemkagua punda. Penye mpaka wa ufizi na meno ulipita mstari mwembamba wa bluu iliyofifia, kama alama ya penseli. Mstari ule binti alikuwa ameuona mara moja tu, kwenye kitabu cha chuo.

Alimweleza akiwa amepiga magoti mbele yake. Kwamba risasi humezwa pamoja na mate kidogo kidogo, na moshi wake huvutwa. Ikifika tumboni hukakamaza matumbo. Ikifika kwenye figo huzichosha mwaka baada ya mwaka, hadi zishindwe kuitoa asidi ya yuriki, nayo hubaki kwenye damu na kuganda viungoni kama chembe za chupa.

"Nadhani mguu na tumbo ni ugonjwa mmoja, baba. Sitakuwa na uhakika mpaka damu yako ipimwe risasi hospitali kubwa. Kesho tunakwenda. Na gesi hiyo haiwashwi tena."

"Kwa hiyo si nyama?"

"Huenda nyama haikuwa na kosa kubwa."

Aliitazama karatasi ukutani, pembe moja imeanza tena kuachia.

"Nimeoa kabichi bure," alisema.

Binti hakucheka. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. "Nilikwambia unanidanganya. Mara mbili, kwenye simu."

"Tatu."

"Nisamehe, baba."

Baba alimpapasa kichwa kwa mkono wenye madoa ya maji ya betri, kisha akakumbuka uchafu wake, akauondoa mkono.

Binti alinawa uso, akainawisha na ile mikono ya baba kwa sabuni, hadi ndani ya kucha. Kisha akatazama saa. Alikuwa ametoroka kazini. Akiwahi gari la saa tisa angeomba ruhusa vizuri na kurudi kesho alfajiri.

"Nikienda utakuwa salama mpaka kesho?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, lilelile la kila Jumapili kwenye simu: niko salama, usijali. Kutoka nje kulisikika mtu akicheka kule kona, na vijiko vikigonga sahani.

"Hapana," alisema fundi betri. "Siko salama. Mguu nitauvumilia, na tumbo nitalivumilia. Kula peke yangu ndiko kumenishinda, mama. Nipe bega lako unifikishe pale kwenye benchi. Hata kama ni maji ya moto tu nitakunywa. Ila ukae nami."