Nyuzi Nane za Sanduku

Miaka kumi na moja tangi letu la kuchemshia sabuni lilitawaliwa na sanduku la kijivu lenye kufuli. Ndani yake programu, programu ina nywila, na nywila anayo Bwana Kufuli peke yake, fundi wa kampuni iliyotuuzia. Likigoma, tunamwandikia, tunasubiri. Kuna mara tulisubiri siku kumi na tisa, watu wakarudishwa nyumbani, naye alipofika akabonyeza vitufe viwili akaondoka bila hata kwaheri. Wanasema yaliyopita si ndwele. Mimi nayaugua mpaka leo.

Nikajifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima. Mwezi uliopita nikambana Meneja mpaka akakubali tujaribu kompyuta ya kawaida, kipimajoto cha kununua duka lolote, na programu iliyo wazi, ambayo yeyote anayejifunza anaweza kuisoma na kuirekebisha.

"Pishi moja la sabuni," alisema. "Likiharibika, saa kumi jioni nasaini na Bwana Kufuli. Miaka kumi mingine."

Siku ya jaribio Bwana Kufuli alikuja mapema, akamkabidhi Meneja karatasi za mkataba.

Joto nililitoa kwenye daftari la zamu: nyuzi themanini na mbili. Skrini ikapanda, ikatulia palepale, haikutikisika. Nikapiga mluzi.

Saa saba mchana rojo lilikuwa bado jepesi kama maji ya kuoshea vyombo.

"Rahisi huvunja upishi," akasema Bwana Kufuli.

Shemeji, mke wa kaka yangu, anasimamia tangi hilo tangu mimi nikibeba magunia. Alichovya mwiko, akautazama ukichuruzika.

"Shemeji, hii ni baridi."

"Themanini na mbili! Si umeandika mwenyewe, daftari zima?"

"Niliandika lililosemwa na sanduku. Lile lilikuwa likipunja nane. Tulimwambia huyu bwana mwaka wa kwanza, akasema haiwezekani. Tukazoea. Likisema themanini na mbili, tunajua ni tisini."

Masikio yaliniwaka. Mimi ninayepiga kelele kila mkutano kwamba wafanyakazi hawasikilizwi, nilinakili daftari bila kumuuliza aliyeliandika. Uongo wa sanduku nimeuhamisha kwa mkono wangu.

"Sasa tumwandikie nani?" Meneja akauliza, kwa mazoea.

"Hatumwandikii mtu." Nikamsogezea Shemeji kiti mbele ya kompyuta. "Futa hapo, weka tisini."

"Mimi? Na mikono hii ya mafuta?"

"Mafuta yanafutika."

Akaandika kwa kidole kimoja. Kufika saa tisa na nusu rojo lilikuwa zito, mwiko ukasimama wima wenyewe. Meneja akachungulia, akautikisa mwiko, kisha akamrudishia Bwana Kufuli karatasi zake. Hazikuwa na saini.

Nilidhani Shemeji angerudi tangini. Hakuinuka.

"Na ile vali ya chini inayochelewa kufunga," akasema, "yenyewe inaandikwa wapi?"