Kilima cha Orest

Orest alikuwa na nyumba, ila pa kukaa hakuwa napo. Kila jioni mkewe, Stefka, aliwakusanya kina mama wa kanisa sebuleni. Wakande unga, wafunge varenike, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, waimbe, wasengenye. Hoki ikitangazwa redioni, maskini Orest hasikii hata bao.

Chini ya sakafu palikuwa na uwazi wa kutambaa kwa tumbo, makao ya mabomba na panya. Orest akaazimia kupachimba mpaka apate chumba cha kusimama wima, chake peke yake, kimya kama kaburi.

"Kaburi ndilo utakalopata," Stefka alisema. "Nyumba ikikuangukia usiniite."

"Nikuite ya nini? Nitakuwa nimeshapata kimya changu!"

Mwaka mzima alichimba. Aliacha kingo za udongo chini ya kuta, akasimamisha nguzo za chuma, akatoboa mlango mdogo wa nyuma, na ndoo baada ya ndoo akamwaga uani. Mwisho akamimina zege, akateremsha kiti na redio, akaketi. Lo, raha iliyoje!

Sasa, huko kwao Saskatchewan, Kanada, nchi ni tambarare. Mgeni wa chakula cha usiku unamwona akija tangu chai ya asubuhi. Theluji ilipoanguka juu ya ule udongo wa uani, watoto wakatoa macho: kilima! Mji ule haujapata kuwa na kilima tangu dunia iumbwe. Jumamosi wakaja na mbao za kutelezea. Jumapili, baada ya misa, wakaja baba zao. Padri naye akashuka juu ya sinia la jikoni, kanzu inapepea, akipiga yowe lisilo la kidini hata kidogo.

Na mtu akishateleza kwenye baridi ile, hutafuta joto. Mlango wa karibu ulikuwa ule mdogo wa Orest. Jirani yake, Metro, akaingia wa kwanza, akavua soksi mbichi na kuzianika juu ya redio.

"We Metro! Hapa ni pangu!"

"Najua, ndugu yangu. Ndiyo maana nimebisha hodi."

"Hukubisha!"

"Haya basi, hodi."

Chumba kikajaa. Kina mama wakasikia vicheko, wakashuka na unga wao. Orest akamlalamikia mkewe.

"Kilima amekileta nani?" Stefka akamjibu. "Umelikoroga, linywe."

Orest akapandisha kiti na redio juu, amenuna mdomo huu! Sebule ilikuwa tupu. Kimya. Kila neno la mtangazaji likasikika, na timu yake, iliyochapwa msimu mzima, ikafunga bao mwishoni kabisa.

"Gooo!" Orest akaruka, akageuka amkumbatie mtu. Kulikuwa na kabati tu. Akajionea huruma kweli kweli.

Akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye tundu la hewa ya joto sakafuni.

"Stefka! Tumefunga!"

Huko chini wakalipuka kwa shangwe, sakafu ikatetema.

Orest akaita tena. "Stefka... kuna nafasi ya mtu mmoja huko?"

Wakanong'onezana kidogo. Kisha sauti ya mkewe ikapanda:

"Nafasi hakuna, mume wangu. Na watoto wanasema kilima nacho kifupi. Shuka na beleshi lako."