Madoa Meupe Menoni

Fundi cherehani aliona madoa meupe kwenye meno ya mwanawe wa miaka miwili. Muuguzi alimwambia huo ndio mwanzo wa kuoza, akakataza sukari. Sukari ikafungiwa kabatini, lakini madoa yakazidi. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijiambia, akaanza kumtilia shaka mama mkwe, aliyeshinda na mtoto. Leo alirudi mapema ghafla, akainyakua chupa ya maziwa na kuionja. Tamu!

"Mama, umetia nini humu?"

"Asali tu, mwanangu. Si sukari hiyo, ni dawa ya meno yake."

"Unayaozesha kwa kuyatibu, mama!"

Bibi alimfunua mjukuu mdomo, akayatazama madoa. Kisha akaichukua chupa, akayamwaga maziwa mwenyewe.

"Lete mswaki," alisema. "Nionyeshe."