Siku Goretti Alipompita Mgeni Rasmi

Afande Jasper Okullo alipostaafu polisi, wenzake walimpa saa ya ukutani. Yeye akajinunulia gari.

Halikuwa gari la kumpeleka mtu sokoni. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, la viti viwili, halina paa, boneti ndefu na mlango mfupi, na kwenye mlango huo namba saba iliyopakwa kwa rangi nyeupe. Kabla ya Uhuru, daktari mmoja wa mifugo, Mwingereza, alishindana nalo katika mbio za barabara za vumbi mpaka upande wa Kenya na kurudi. Alishinda mara moja, akapinduka mara moja, kisha akarudi kwao akaliacha kwenye banda la ng'ombe huko Mubende. Jasper alilikuta kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Fundi Sadik, Mnubi mwenye gereji Bukoto, ndiye aliyelifufua. Ilimchukua miaka. Spea nyingine zilikuja kwa ndege, nyingine alizichonga mwenyewe. Lilipokwisha, rangi yake ya kijani ilikuwa iking'aa hata mtu angeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Jasper aliliendesha kutoka gereji hadi nyumbani kwake, mitaa michache tu, akaliingiza ndani, akalifunika kwa shuka safi. Tangu siku hiyo akawa analiendesha kwa mdomo.

Mgeni akija, alipewa chai, halafu akapelekwa kuliona. Jasper aliifunua shuka taratibu, kama mtu anayemwonyesha jamaa mtoto mchanga, akasimulia jinsi daktari alivyokata kona kwa magurudumu mawili na jinsi wanakijiji walivyokimbia wakidhani simba amefunguliwa. Mkewe, Goretti Anena, mwalimu wa kemia pale chuoni Kyambogo, alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi hata akajua mahali ambapo mumewe angekohoa.

"Baba Amito," alimwuliza siku moja, "hili gari si lilikuwa la mashindano? Sasa linashindana na nani humo ndani?"

"Linapumzika."

"Limepumzika kuliko sisi."

"Gari kama hili haliendeshwi ovyo, Mama Amito. Ni urithi."

Neno hilo alikuwa amelipata kwenye Chama cha Magari ya Urithi. Wanachama wake walikutana kila mwezi katika hoteli moja ya Kololo, wakala nyama ya kuchoma, wakazungumza kwa uchungu juu ya magari yao ya kale. Wote walifika mkutanoni kwa magari mapya yenye kipupwe, kwa kuwa yale ya kale yangeshika vumbi. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Mubaraka, muuza saruji, mwenye gari jeusi refu ambalo alisema liliwahi kumbeba gavana. Hakuwahi kusema gavana yupi.

Mwaka huo chama kiliamua kujitokeza hadharani. Ukapangwa Msafara wa Urithi, Jumapili asubuhi, kutoka Kololo hadi Ggaba, pale mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, ambako mgeni rasmi angehutubia juu ya kutunza historia. Mgeni huyo alikuwa mheshimiwa fulani wa serikalini. Mikutano miwili mizima ilitumika kupanga nani atangulie. Mbele ingekuwa pikipiki ya polisi, halafu Mheshimiwa, halafu Mwenyekiti, halafu wengine kwa umri. Kama ni umri wa gari au wa mwenye gari, hilo halikuamuliwa mpaka mwisho. Sheria moja tu ilipita bila kupingwa: hakuna kumpita mtu. Namba saba liliwekwa nyuma tu ya Mwenyekiti, kwa sababu huyo alikuwa amekwisha kumwahidi Mheshimiwa kwamba ataliona gari la mbio.

Jumamosi ya kuamkia msafara, Jasper aliinama kupangusa magurudumu, na hakuinuka. Goretti alimkuta kwenye sakafu, kitambaa mkononi, akiongea na gurudumu.

"Kiuno," alisema. "Usiniguse."

Asubuhi alijaribu kuingia garini. Gari lenyewe lilikuwa chini sana, mtu hulivaa kuliko kulipanda. Aliingiza mguu mmoja, akabaki amesimama hivyo, nusu ndani nusu nje, machozi yakimtoka bila sauti. Binti yao Amito, ambaye ni muuguzi, alimtoa pole pole, akamwambia hataingia humo leo wala kesho.

Jasper akampigia Sadik simu aje kuendesha. Sadik alikuwa Bombo, kwenye arusi ya dada yake Husnah.

"Afande, nisamehe, leo siwezi," alisema. "Mpe Mama Amito simu." Goretti alipoishika, akamwambia: "Madam, sikiliza. Hii gari ilitengenezwa kukimbia. Ukitembea nayo pole pole, inachemka. Kuna saa ndogo ya joto hapo mbele, kando ya usukani. Ukiona mshale unaingia kwenye nyekundu, usingoje mtu. Ipe upepo."

"Nikichelewa kuipa?"

"Basi tutaanza tena upya, mimi na Afande."

Jasper naye alikuwa na maagizo yake. Gia ya pili tu. Asiguse ya tatu. Akiona shimo, asimame. Akiona boda, asimame. Akiona ng'ombe, ashuke. Goretti alijifunga kitambaa kichwani, akavaa miwani ya jua, akasema amesikia. Jasper alilazwa kwenye kiti cha mbele cha Toyota ya mkewe, kiti kimelazwa nyuma kabisa hata akawa anaona mawingu tu, na Amito akashika usukani kumfuata mama yake.

Mheshimiwa alichelewa, kama ilivyotazamiwa. Alipofika wakasali, wakapiga picha, wakaondoka.

Msafara ulikwenda kwa mwendo wa maiti. Pale karibu na Mukwano, mtu mmoja anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke aliyapita magari yote bila kuongeza hatua. Walipofika Nsambya, kijana wa boda alijisogeza kando ya Goretti, akavua kofia yake ya pikipiki.

"Pole, nyabo, mama yangu," alisema. "Nani amefariki?"

"Bado," Goretti akamjibu. Alikuwa anautazama mshale.

Mshale ulikuwa umeanza kupanda tangu barabara ya Jinja. Goretti alipiga honi, akampungia Mwenyekiti mkono kumwonyesha kwamba kuna jambo. Bwana Mubaraka alidhani anasalimiwa, akapunga naye, kisha akaendelea kuwapungia watu wa kando ya barabara, ambao wengi wao walikuwa wakisubiri tu nafasi ya kuvuka. Nyuma, ndani ya Toyota, Jasper aliuliza tena na tena.

"Unaona nini?"

"Namwona Mama," alisema Amito.

"Yuko gia ya ngapi?"

"Baba, mimi nitajuaje?"

Walipofika Kabalagala mshale uliingia kwenye nyekundu, na harufu ya maji ya moto ikapita usoni mwa Goretti. Kusimama hakuwezekani, nyuma yake kulikuwa na mzee mwenye gari ambalo breki zake alikuwa amezisifu sana hotelini bila kuzijaribu. Goretti aliwaza miaka ya Sadik, akawaza mumewe analia nusu ndani nusu nje. Na kusema kweli, aliwaza pia jambo jingine: rungu la gia lilikuwa linatetemeka chini ya kiganja chake tangu Kololo, kama mbwa anayetaka kufunguliwa.

Alitoka kwenye mstari, akaingiza gia ya tatu.

Sauti iliyotoka hapo hakuwahi kuisikia, wala mumewe hakuwahi, kwa miaka yote aliyoisimulia. Bwana Mubaraka aliona kitu cha kijani kikimpita, akabaki mkono juu. Mheshimiwa aliinua macho kutoka kwenye simu yake wakati mwanamke mwenye kitambaa chekundu akipita dirishani kwake. Askari wa pikipiki, aliyekuwa mbele, alitazama kwenye kioo akaona gari limempita mgeni rasmi bila wasiwasi wowote. Katika kazi yake yote, hakuwahi kuona mkubwa akipitwa isipokuwa na mkubwa zaidi. Hakuwa na haja ya kuuliza. Aliwasha king'ora, akatangulia mbele ya Goretti, akaanza kumfungulia njia.

"Polisi wangu anakwenda wapi?" Mheshimiwa alimwuliza dereva.

"Amemfuata yule mama, Mheshimiwa."

"Basi na wewe mfuate. Unataka niachwe?"

Waliokuwa nyuma walipoona gari la Mheshimiwa linaruka matuta, hawakutaka kuonekana wamemtelekeza. Magari ambayo hayakuwa yamezidi mwendo wa bibi harusi kwa miaka mingi yalishuka Kansanga yakinguruma na kupiga chafya, vifuniko vya magurudumu vikidondoka na kujiviringisha kuelekea mitaroni. Gari jeusi la Mwenyekiti nalo lilijaribu. Lilikohoa, likatoa moshi, likazimika mbele ya duka la majeneza, na mwenye duka akatoka kumkaribisha.

"Amito," Jasper alisema akiyatazama mawingu. "Hicho king'ora ni cha nini?"

"Ni cha Mama," alisema Amito, akakanyaga mafuta.

Pale Bunga barabara ilipofunguka Goretti aliingiza gia ya nne. Mshale ulikuwa unarudi chini, upepo ukimpiga usoni, na ziwa likaonekana mbele kati ya nyumba. Baadaye alisema kwamba hapo alisahau kuwa kuna msafara. Alisahau hata alikuwa anakwenda wapi; ni askari tu aliyejua.

Wauza samaki wa Ggaba walisimama kwenye meza zao. Walisikia king'ora, waliona gari dogo la kijani, waliona mwanamke akishuka na kujifunga tena kitambaa. Wakapiga vigelegele, maana mgeni rasmi alikuwa ametangazwa tangu Ijumaa, na hakuna aliyewaambia kwamba ni mwanamume. Mama mmoja alimletea kiti na soda.

Mheshimiwa alifika tai yake ya shingoni imehamia begani. Alishuka, akalizunguka namba saba, wasaidizi wake wakimtazama uso ili wajue wao wakasirike au wacheke.

"Nani ameendesha hili?"

"Ni mimi, Mheshimiwa," alisema Goretti.

"Umenipita."

"Lilikuwa linachemka. Lisipopata upepo linakufa."

Mheshimiwa alifikiri kidogo. "Sijaogopa hivi tangu uchaguzi," alisema, kisha akacheka. Wote wakacheka mara moja, hata wale waliokuwa mbali na hawakusikia kitu. Hotuba ya kutunza historia ilibaki mfukoni. Alizungumza juu ya michezo ya magari na vijana, akaahidi barabara.

Bwana Mubaraka aliwasili kwa boda, suti nyeusi imekuwa ya kahawia, akiwa amekwisha tunga moyoni maneno ya kumfukuza Goretti chamani. Akasikia makofi. Akachukua kipaza sauti, akawashukuru wote kwa kufuata ratiba, akasema sehemu ya mwisho ilikuwa imepangwa iwe ya kasi, kama kamati ilivyokubaliana.

Jasper alishushwa kwenye Toyota, akaenda hatua kwa hatua akiegemea bega la binti yake. Aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Kwenye rangi kulikuwa na mkwaruzo mpya wa jiwe, na Goretti alimwona akiuona.

"Ulifika gia ya ngapi?"

"Ya nne."

Jasper aliufunika mkwaruzo kwa kidole. Watu wote waliowahi kunywa chai nyumbani kwake walikuwa wamesikia kutoka kwake gari hilo linavyokwenda.

"Linakuwaje?" aliuliza.

Goretti alimweleza, pale pale, kati ya harufu ya samaki na kelele za spika, na Jasper hakumkatiza hata mara moja.

Chama kiliugeuza msafara kuwa mashindano ya kila mwaka. Kuna kombe sasa, na kanuni mpya ya kwanza inasema hakuna atakayefika kabla ya Mwenyekiti. Goretti aliombwa ajiandikishe, akasema ana mitihani ya kusahihisha. Siku za vipindi huenda Kyambogo kwa namba saba, na walinzi wa geti humpigia saluti kwa kuwa hawana uhakika yeye ni nani.

Kiuno cha Jasper kilipopona, Jumamosi moja Goretti alimkabidhi mumewe funguo, akakaa kushoto, wakashika barabara ya Entebbe. Mpaka Kajjansi Jasper alikuwa gia ya pili. Baada ya hapo akaingiza ya tatu, halafu, kwenye mteremko mrefu, ya nne. Waliporudi alikuwa na wadudu wa ziwani kwenye ndevu na kwenye meno. Alikataa kunawa, akala chakula cha mchana hivyo hivyo, akiomba aongezewe mchuzi.